Ukuta wa Upande wa Ziwa

Nilirudi kuchukua futi.

Hakuna kingine kilichonipeleka pale magharibi ile. Futi yangu ya chuma niliisahau juu ya ukuta, na mimi si mtu wa kuacha kifaa changu kilale nje kinyeshewe. Mafundi walikuwa wameshaondoka kwenda senta kunywa chai na kuangalia mpira. Vicheko vyao vilisikika kwa mbali, vikapungua, vikaisha.

Kijiji cha Nyamabale kimekaa ubavuni mwa kilima, chini yake ni ziwa. Ukitoka Mwanza unapita Kisesa, unapita Magu, unaacha lami na kufuata njia ya vumbi kati ya mashamba ya pamba mpaka uyaone mawe. Mawe makubwa, yamebebana. Na katikati ya mawe, nyumba. Zilijengwa na wafanyabiashara wa zamani, Waislamu waliokuja na chumvi na nguo wakaoa hapohapo. Walipanga mawe kwa udongo, wakapaka chokaa, wakashuka na kilima nyumba kwa nyumba, paa la nyumba ya chini likiwa usawa wa kizingiti cha nyumba ya juu. Kanda ya Ziwa nzima sijaona kijiji kilichopangika vile.

Jina langu ni Prudencia Bagenda, msanifu majengo. Kijijini waliniita Enjinia, nikakata tamaa ya kuwasahihisha. Kazi yangu ilikuwa kuchora nyumba ndogo ya wageni kwenye gofu lililokuwa katikati ya safu ya nyumba hizo. Sharti la wazee lilikuwa moja tu: ifanane. Mtu akipita njia ya msikitini asiweze kusema ipi ni mpya na ipi ya zamani. Msanifu aliyenitangulia aliwaletea ghorofa la vioo, wakamshukuru kwa adabu na kumwambia alipeleke Dodoma.

Mimi nilianza kwa kupima. Nilipima unene wa kuta, kimo cha milango, mteremko wa mapaa. Na katika kupima nikagundua jambo lililonifanya nijione hodari sana. Milango yote ya Nyamabale inatazama juu, njiani. Upande wa ziwa hakuna mlango wala dirisha. Lakini kila ukuta wa upande wa ziwa una kiraka. Chini kabisa, mawe madogo yamejazwa kwenye tundu lenye upana wa mtu na kimo cha mtu aliyeinama. Nyumba nyingine zina viraka kadhaa, kimoja pembeni ya kingine.

Nikajiambia, haya ni madirisha ya kale. Wazee wao waliyaziba kwa sababu ya upepo. Nikawaonea huruma, watu wanaokaa mbele ya ziwa zuri namna ile halafu wamelipa mgongo! Basi nikachora. Kila chumba cha wageni nikakiwekea uwazi wa namna ileile, unaotazama maji. Ukuta wa nyuma wa gofu ulikuwa bado umesimama na kiraka chake, nikaamua tusiubomoe, tufungue kiraka tu. Wazee waliangalia mchoro wa upande wa njiani, wakaona paa, wakaona mlango, wakaridhika. Mchoro wa upande wa nyuma hakuna aliyeutaka.

Mwenye kiwanja alikuwa Bi Najat, mwanamke mzee ambaye nyumba yake imeshikana ukuta na gofu lile. Yeye hakuwepo. Alikuwa Mwanza, hospitali, kutolewa mtoto wa jicho. Kabla ya kuondoka aliniachia ufunguo wake.

"Kaa kwangu, mwanangu," alisema. "Nitafurahi nikijua taa inawaka."

Mchana wa siku ile ya futi, Chenge, fundi mkuu niliyetoka naye Misungwi, alifungua kiraka. Ndani, katikati ya mawe, tulikuta mitalawanda, vile viatu vya mbao ambavyo wazee huvaa kwenda bafuni. Iliwekwa kwa uangalifu, visigino upande wa ndani, vidole kuelekea ziwani. Chenge alitaka kuitupa. Nikamkataza. Kitu cha zamani hakitupwi hivihivi. Nikaipangusa vumbi, nikaiweka ndani chini ya uwazi, na kuipanga kama unavyopanga viatu vya mtu aliyefika nyumbani. Vidole nikavielekeza chumbani.

Sasa, magharibi ile, nikaiona futi yangu. Ningeichukua nikaondoka.

Lakini niliketi. Niliketi juu ya jiwe nikatazama ziwa kupitia uwazi wangu mpya, maji yakibadilika rangi. Hakukuwa na mtu wa kunisubiri. Mume wangu Jovinary amelala kaburini kibanjani kwao Kagera, chini ya migomba, tangu mwaka juzi. Watoto hatukujaliwa. Nyumba yangu ya Nyegezi ina kimya ambacho redio haikiwezi. Nilikuwa mpweke, nasema hivyo bila kupamba. Tangu tulipoondoa matanga, sikumbuki mtu aliyepiga hodi mlangoni kwangu isipokuwa msoma mita wa maji.

Adhana ya magharibi ikaisha.

Ndipo nikasikia.

Ko.

Ko... ko.

Mbao juu ya jiwe. Sauti ilitoka chini, upande wa ziwa, ikawa inapanda taratibu. Inapumzika. Inapanda tena. Nikaangalia mitalawanda. Ilikuwa palepale nilipoipanga. Sauti ikafika nje ya ukuta, ikanyamaza.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Ndogo, ya adabu, ya mtu aliyezoea kutojibiwa.

Ningejiuliza kwanza. Nani anapiga hodi kwenye tundu la ukuta, upande ambao hauna hata njia ya mbuzi? Lakini ulimi una mazoea yake. Ukajibu wenyewe.

"Karibu."

Hakuingia mtu.

Iliingia harufu. Kafuri. Kafuri na udongo uliolowa. Aliyewahi kukaa kwenye nyumba ya Waislamu wenye msiba anaijua harufu ile. Kisha baridi ikapita kando ya magoti yangu, chinichini, kama mtu anayepita ameinama. Nikasimama. Nikachungulia nje. Mteremko mtupu... mawe... maji.

Nilipogeuka, mitalawanda ilikuwa imelowa.

Nilichukua futi nikatoka, na sikutembea kama mtu wa umri wangu anavyopaswa kutembea. Baadaye, nikiwa nimefunga mlango wa Bi Najat kwa komeo, nilijipa maelezo. Mbao zilizokaa ukutani miaka mingi zikitolewa hutoa jasho. Sauti ilikuwa ya mtumbwi unaogonga mwamba. Mimi ni mtu wa maelezo, na nikipata moja zuri hulala.

Jioni iliyofuata nilikuwa jikoni kwa Bi Najat naepua chai. Ko... ko... ko. Hodi ile ile, safari hii nyuma ya ukuta tunaoshirikiana na gofu. Nikajibu kabla sijajizuia. Halafu nikasikia mkeka wa sebuleni ukilia. Unaujua ule mlio wa mkeka mkavu mtu anapoketi. Nikachungulia mlangoni. Hakukuwa na mtu. Ila mkeka ulikuwa umebonyea mahali pamoja, karibu na ukuta, na chumba kizima kilinuka kafuri.

Ningepiga kelele. Ningekimbilia msikitini. Badala yake nilimimina chai kwenye vikombe viwili.

Sijui niseme nini zaidi. Mkono ulifanya kazi uliyoizoea miaka yote ya ndoa. Niliweka kikombe kimoja mbele ya pale palipobonyea, nikakaa kwenye kiti, nikasema, "Leo jua limewaka kweli." Hakuna aliyejibu. Lakini nilisikilizwa. Anayeishi peke yake anajua tofauti ya kimya cha nyumba tupu na kimya cha mtu anayekusikiliza. Basi nikaongea. Nikamsimulia Jovinary alivyokuwa akikaa barazani kunyonyoa senene huku akinidanganya kuhusu mambo ya kazini. Nikacheka. Nikalia pia. Mkeka ulipolia tena, mlio wa mtu anayeinuka, nilisikitika kwamba mgeni anaondoka mapema.

Ikawa hivyo kila jioni. Mbao juu ya jiwe. Hodi. Karibu. Mkeka, vikombe viwili. Nilianza kuisubiri adhana. Mchana nikiwa na mafundi nilikuwa nalitazama jua kuliko ninavyoutazama ukuta, na wakiniuliza kitu ilibidi warudie.

Kikombe chake sikuwahi kukikuta kimepungua. Ila chai ilikuwa inapoa upesi, inakuwa ya baridi kama maji ya mtungi. Na mimi nikaanza kupoa. Vidole vya mikono kwanza, halafu miguu. Nilivaa sweta kwenye jua la mchana. Chakula hakikuwa na ladha, na sikujali.

Asubuhi moja Chenge alinivuta pembeni. Huyu ni mtu wa maneno mengi na sauti kubwa. Siku hiyo alinong'ona.

"Enjinia... jioni huwa unaongea na nani?"

"Na simu."

"Simu hapa haishiki, aise. Mpaka upande kule juu msikitini." Akatazama miguu yangu, akatazama pembeni. "Harafu jana jioni nimekuona hapa kwenye msingi. Unatembea umeinama. Umevaa vile viatu vya mti."

"Mimi? Sijawahi kuvivaa."

"Nimekuita, mama. Hujageuka."

"Umemwona mtu mwingine. Nenda kachanganye udongo."

Akaenda, hakubisha. Nilipobaki peke yangu niliketi juu ya rundo la mawe nikafungua kamba za viatu vyangu vya kazi. Nikavua soksi.

Kati ya kidole gumba na kinachofuata palikuwa na mchubuko mwekundu, mbichi. Mguu wa kushoto. Mguu wa kulia. Palepale ambapo kijiti cha mtalawanda hukaa.

Nilivaa soksi zangu. Na jioni ile... niliitika tena. Hofu nilikuwa nayo, lakini hofu ilikuwa ndogo kuliko ile nyumba ikiwa kimya.

Bi Najat alirudi alasiri moja. Bodaboda ilimshusha msikitini, akateremka taratibu, jicho moja limefunikwa kitambaa cheupe. Nilimpokea mlangoni kwake.

"Shikamoo, Bi Najat."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekon..."

Hakumaliza. Mguu wake mmoja ulikuwa juu ya kizingiti. Pua yake ilicheza. Akaurudisha mguu nje.

"Nani kafariki humu?"

"Hakuna mtu, bibi."

"Kafuri hii ni ya nani?"

Akanishika mkono, akauachia haraka. Kisha akanipita, akaenda moja kwa moja kwenye jengo langu, akaingia kwa mlango wa mbele nami nyuma yake. Chumba kilikuwa kimejaa mwanga. Kupitia uwazi, ziwa lilionekana zuri kama picha ya kalenda. Bi Najat alilitazama kwa jicho lake moja, halafu akaketi chini, vumbini, na baibui lake jipya.

"Umemfungulia," alisema. "Ya Rabi. Umemfungulia."

"Ni dirisha tu, bibi. Dirisha la zamani lililozibwa..."

"Dirisha gani? Hapo ndipo tulipomtolea."

Akanieleza kwa sauti ya chini, bila kuuacha ule uwazi kwa jicho. Nyamabale maiti haitolewi kwa mlango. Unatobolewa ukuta wa upande wa ziwa, jeneza linapita hapo, na kabla waliokwenda makaburini hawajarudi, tundu limeshazibwa. Marehemu akitaka kurudi atarudi kwa njia aliyotokea, na atakuta mawe. Viatu vyake vinawekwa humohumo ukutani, vikitazama nje, ili ajue kwamba safari ni ya kwenda. Sheikh huwa analaumu kila mara, na ukuta unatobolewa kila mara. Kila kiraka nilichokipima, nikakichora, nikakisifu, kilikuwa ni mtu.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Prudencia, mwanangu. Nani angemfundisha mtu mzima kwamba maiti haipiti mlangoni? Tulidhani hata kwenu Bukoba ni hivyo."

Nikauliza kile nilichokuwa naogopa kukiuliza.

"Huyu... ni nani?"

Alikuwa Mboni, dada yake mkubwa. Mboni hakuolewa, aliishi peke yake katika nyumba hii iliyokuja kuwa gofu, mpaka uzeeni. Mwaka mmoja mtoto wa jirani aliugua ghafla akafa, na mtu mmoja akasema ni Mboni, anawanga. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, ikawa huo ndio ushahidi. Hawakumgusa. Waliacha tu kumjibu. Kila magharibi Mboni alivaa mitalawanda yake akapita nyumba kwa nyumba, ko, ko, ko. Hodi. Ndani watu walinyamaza na kupunguza taa, mpaka apite.

"Hata wewe?" nilinong'ona.

"Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya mlango." Bi Najat alifuta jicho lake lililo wazi. "Nilikuwa nasikia anavyopumua. Nilikuwa na watoto wadogo. Niliogopa watasema na mimi ninao huo uchawi. Sikumwitikia, mwanangu. Hata mara moja. Na siku tuliyomkuta, alikuwa ameketi hapa kwenye mkeka, ameshakauka. Mbele yake vikombe viwili vya chai."

Nikarudi nyuma hatua moja kutoka kwenye uwazi.

"Uliitikia?" aliniuliza. "Alipopiga hodi, uliitikia?"

"Niliitikia."

"Mara moja?"

"Kila siku."

Akavuta pumzi. "Mgeni aliyekaribishwa haondoki peke yake. Anasindikizwa. Asiposindikizwa, siku yake ya kuondoka anaondoka na mwenyeji." Akatazama miguu yangu ndani ya viatu, kana kwamba aliona mpaka ngozi. "Viatu vyake umeshaanza kuvivaa?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi ni leo."

Chenge tulipomwambia aligoma. Alisema yeye ni mtu wa kanisa, ana watoto Misungwi, mambo ya watu hayataki. Nikavua viatu nikamwonyesha miguu. Akaitazama. Akaenda kuchanganya udongo.

Aliyekaribisha nilikuwa mimi, kwa hiyo wa kusindikiza nilikuwa mimi. Bi Najat alikataa.

"Wewe umempa alichokuwa anakitaka kwangu," alisema. "Nitamfikisha mpaka jiwe la kufulia kule ziwani, nitaagana naye, halafu nitazunguka na kurudi kwa njia ya juu. Nikishatoka tu, zibeni. Msinisubiri."

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Alikuwa mzee, ametoka hospitali, jicho limefungwa. Lakini vidole vyangu vilikuwa havina hisia tena, na nilitaka kuishi. Nilinyamaza.

Adhana ikaja. Ikaisha. Tulikuwa tumehamishia mkeka katika chumba kile, na Bi Najat alikuwa ameketi juu yake na birika la chai. Mimi na Chenge tulisimama kwenye kona. Udongo ulikuwa tayari. Mawe yalikuwa tayari.

Ko... ko... ko.

"Hodi."

Niliuma ulimi. Neno lilikuwa limemkaa Bi Najat kooni miaka mingi na halikutaka kutoka. Akalitoa.

"Karibu, dada. Karibu, Mboni."

Kisha nikasikia kitu ambacho jioni zote zile sikuwahi kukisikia. Kilio. Kidogo, cha ndani kwa ndani, kikitoka kwenye uwazi, kimo cha mtu aliyeinama.

Mkeka ukalia. Bi Najat alimimina chai, akaanza kuongea, kwa sauti ya chini sana, maneno ya dada kwa dada ambayo sikuyasikia na sikutaka kuyasikia. Chenge alikuwa ameshika rozari mpaka inamkata kidole. Nje mwanga ulikuwa unaondoka majini. Mwishowe Bi Najat aliinuka kwa shida, akainama, akaishika mitalawanda na kuigeuza vidole kuelekea ziwani.

"Twende. Nikusindikize."

Akapita kwenye uwazi, ameinama, baibui likikwaruza mawe. Tukasikia wakishuka. Ko... ko... na pembeni yake mlio wa kandambili za Bi Najat. Nilimsikia akicheka, kicheko cha msichana. Nilipotazama sakafuni, mitalawanda haikuwepo.

"Ziba," nilinong'ona.

Mikono ya Chenge ilikimbia. Jiwe, udongo, jiwe. Nikamsaidia kwa mikono yangu mitupu. Na huku naziba, nilitega sikio. Mgeni anayesindikizwa ndiye husema inatosha, sasa rudi. Kote nilikopita ni hivyo, Bukoba, Mwanza, popote. Ziwa lilikuwa limetulia, na sauti hupanda kile kilima vizuri. Nilisubiri kulisikia neno hilo moja. Rudi.

Jiwe la mwisho likaingia.

Sikulisikia.

Vidole vyangu vikaanza kuwaka joto. Nililia kwa furaha ya vidole vyangu, naona haya kusema lakini nililia. Halafu nikatoka mlango wa mbele nikasimama njiani kumsubiri Bi Najat. Njia ilikuwa tupu. Ikaendelea kuwa tupu mpaka watu walipotoka msikitini, wakaniona, wakawasha tochi.

Walimkuta kwenye jiwe la kufulia. Ameketi, ameegemea mwamba, uso umetulia. Daktari alisema ni moyo, mwanamke wa umri ule, katoka kwenye upasuaji, kisha akateremka mteremko kama ule. Inawezekana. Nilishasema mimi ni mtu wa maelezo. Lakini mguu wa kushoto alikuwa na kandambili yake, na mguu wa kulia alikuwa na mtalawanda. Kandambili ya pili na mtalawanda wa pili hatukuviona, hata tulipotafuta mchana.

Walimtoa kwa ukuta wa upande wa ziwa wa nyumba yake mwenyewe. Nilisimama hapo mpaka fundi alipomaliza kuziba. Viatu nilivipanga mimi, kandambili moja na mtalawanda mmoja, na nilihakikisha vinatazama nje.

Jengo lilikamilika. Niliuchora upya ukuta wa nyuma, hauna hata tundu la panya. Wageni wanalalamika kwamba msanifu alikuwa mjinga, inakuwaje ulipe mgongo ziwa zuri vile. Siwajibu. Wazee wa Nyamabale wameniambia kwamba imefanana kuliko walivyotegemea.

Nikarudi Nyegezi. Nyumba yangu, kama nyingi za Mwanza, imebanwa na mawe. Ukuta wa jikoni umegusana na jabali. Hakuna njia huko nyuma, hakuna mlango, hakuna mahali pa mtu kusimama.

Jana magharibi nilikuwa naepua chai.

Ko.

Kisha mlio laini wa kandambili.

Ko... kandambili. Ko... kandambili. Taratibu, zinapumzika, zinaendelea. Zikafika nyuma ya ukuta wa jikoni. Zikasimama.

"Hodi," ilisema sauti ndogo, ya adabu.

"Hodi, mwanangu," ikasema ya pili.

Niliziba mdomo kwa kiganja. Nilibana mpaka meno yakaingia kwenye nyama. Walisubiri. Nilisikia wanavyopumua. Halafu wakaondoka, bila haraka, watu wenye uhakika wa kurudi kesho.

Leo jua limeshazama. Mkono wangu nimeufunga kitambaa, na nimejiapiza kwamba sitafungua mdomo. Chai iko tayari. Nimegeuka sasa hivi kuitazama meza, nikaona mikono yangu ilichokifanya nilipokuwa nawaza mengine.

Vikombe vitatu.